Kamera Zilipoingia Katika Ukumbi wa Kijiji

Tarehe 6 Juni, 1974 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha katika televisheni mchezo wa kuigiza uitwao The Cheviot, the Stag and the Black, Black Oil. Cheviot ni aina ya kondoo. Stag ni kulungu dume. Na mafuta meusi ni yale yaliyogunduliwa chini ya Bahari ya Kaskazini. Kwa vitu vitatu hivyo mtunzi, John McGrath, alieleza namna wananchi wa milimani na visiwani huko Uskoti walivyonyang'anywa ardhi yao, kizazi baada ya kizazi. Mchezo huo una mafunzo mengi, lakini leo twapenda kuwazungumzia watu walioutengeneza, na njia waliyoipita kuutoa jukwaani hadi kuufikisha katika televisheni bila ya kuupotezea roho yake.

Kisa chenyewe ni cha dhuluma. Mwanzoni mwa karne ya 19 makabaila wa Sutherland waliona kwamba kondoo wana faida kubwa kuliko watu. Katika bonde la Strathnaver, mwaka 1814 na tena mwaka 1819, familia za wakulima zilifukuzwa na nyumba zao zikatiwa moto. Patrick Sellar, wakala wa kabaila, alishtakiwa mwaka 1816 mjini Inverness kwa vifo vilivyotokea, na mahakama ikamwachia huru. Baada ya kondoo wakaja mabwana waliotaka milima iwe uwanja wa kuwindia kulungu. Kisha, katika miaka ya 1970, yakaja makampuni ya mafuta. Mtunzi aliuliza swali moja mara tatu: nani mwenye mali hii, na nani anayefaidi?

Kundi lililoucheza mchezo huo liliitwa 7:84. Jina hilo lilitokana na takwimu ya miaka ya 1960 iliyosema kwamba asilimia 7 ya watu wa Uingereza walimiliki asilimia 84 ya utajiri wa nchi. Kundi liliundwa mwaka 1971, na tawi lake la Uskoti likaanza mwaka 1973 kwa mchezo huu. McGrath hakuwa mgeni wa televisheni. Alikwisha kufanya kazi BBC, na mwaka 1962 alikuwa miongoni mwa walioanzisha mfululizo wa michezo ya polisi uitwao Z-Cars. Walakini aliamua kuwafuata watu vijijini, katika kumbi ambazo wacheza michezo wa mijini hawakuzoea kufika.

Pamoja naye walikuwa mkewe, Elizabeth MacLennan, na shemeji yake, David MacLennan. Walikuwapo Bill Paterson, Alex Norton na John Bett, vijana ambao baadaye walipata sifa kubwa katika sinema na televisheni. Allan Ross alipiga fidla. Dolina MacLennan, mzaliwa wa kisiwa cha Lewis, aliimba kwa Kigaeli, lugha ya wale waliofukuzwa. Hapakuwa na bwana mkubwa wa kukaa kitini akingoja kuhudumiwa. Aliyeigiza alibeba mizigo, aliyeimba alisaidia kusimamisha jukwaa, na mchezo ulipokwisha viti viliondolewa, wenyeji na wageni wakacheza ngoma pamoja.

Hata jukwaa lilifanywa kwa akili ya msafiri. Mchoraji John Byrne alitengeneza kitabu kikubwa mno, ambacho kila ukurasa ukifunuliwa huinuka picha: mara milima, mara nyumba ya mkulima. Mchezo ukimalizika, kitabu hufungwa, hupakiwa, na safari huendelea.

BBC ilipoutaka mchezo huo, ilikuwa rahisi kuwaita waigizaji katika studio na kuwawekea taa na mapazia ya fahari. Mwongozaji John Mackenzie na mtayarishaji Graeme McDonald hawakufanya hivyo. Kamera zilipelekwa katika ukumbi wa kijiji cha Dornie, njiani kuelekea kisiwa cha Skye, zikawapiga picha waigizaji na wanakijiji pamoja. Aidha Mackenzie aliongeza mambo mawili ambayo jukwaa haliwezi kuyabeba: maigizo ya ufukuzaji yaliyopigwa picha nje, katika ardhi ya aina ile ile iliyoshuhudia dhuluma, na mazungumzo na wafanyakazi wa mafuta wa mji wa Aberdeen.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yao. Katika mchezo huo mnasimuliwa wakati wa vita vya Crimea, mwaka 1854, kabaila wa Sutherland alipokuja kuandikisha vijana jeshini. Wananchi wakamjibu kwamba ametaka kondoo badala ya watu, basi na awapeleke kondoo wakapigane. Maneno hayo yakisemwa studioni ni mzaha. Yakisemwa mbele ya watu wa milima hiyo, na mtazamaji wa mbali akaziona nyuso zao, ni ushahidi. Mwenye kovu, usidhani kapoa.

Kadhalika yafaa viongozi wetu watafakari jambo hili. BBC ni shirika la umma, na mchezo huo uliwashutumu wenye ardhi na kuihoji siasa ya mafuta ya Serikali. Ulionyeshwa, na dola haikutetereka. Umma unaojiona katika kioo hauasi kwa sababu ya kioo; huasi kwa kile kilichomo usoni kisichotengenezwa.

McGrath alifariki mwaka 2002, Mackenzie mwaka 2011, David MacLennan mwaka 2014, Elizabeth mwaka 2015, na Byrne mwaka 2023. Kazi yao haikufa nao. Mwaka 2015 kundi la Dundee Rep liliufufua mchezo huo, na kitabu cha Byrne kimehifadhiwa, na kimepata kuonyeshwa katika jumba la makumbusho la V&A mjini Dundee.

Sisi wa Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi katika miaka hiyo hiyo ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Basi chombo tunacho zamani, na wasanii tunao. Visa vya ardhi, vya mashamba ya karafuu na vya bahari vimejaa Unguja na Pemba, vinangoja mtu wa kuviuliza. Kila tukizungumzia michezo ya kuigiza, husikia kwamba fedha haitoshi na studio ni ndogo. Wenzetu walikwenda na fidla, kitabu cha karatasi na ukumbi wa kijiji. Wenye dhamana ya utangazaji na utamaduni na wazipeleke kamera mashambani, katika kumbi za skuli na viwanja vya vijiji, na wawaweke wazee mstari wa mbele. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na wakiondoka hakuna fungu la bajeti litakalowarejesha.