Mafuta ya Karafuu na Kingo za Mito Yetu

Hapana mwananchi wa Visiwa hivi asiyeijua thamani ya karafuu. Lakini ni wachache wanaoyajua mafuta yaliyomo ndani yake, na wachache zaidi wanaokumbuka kuwa mafuta hayo yana deni kwa mto. Tumeona ni vyema kulizungumza jambo hili, kwani mara nyingi mtaalamu wa mafuta ya mimea na mtaalamu wa matumizi ya ardhi kando ya mito hufanya kazi zao kama watu wasiojuana, ilhali wote wawili wamesimama katika bonde moja.

Tuanze na mafuta yenyewe. Sote tumezoea mafuta ya nazi, ambayo karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Ukiyadondosha juu ya karatasi huacha doa lisiloondoka. Mafuta ya karafuu ni ya ukoo mwingine: hayo hupaa hewani pamoja na harufu yake, na sehemu yake kubwa ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli. Eujenoli ndiyo inayotia ganzi jino linalouma, na ndiyo ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda.

Karafuu kavu iliyo nzuri hutoa mafuta baina ya sehemu 15 na 20 katika kila 100 za uzito wake. Makonyo hutoa kiasi cha 5 au 6, na majani kiasi cha 2 au 3 tu. Hata hivyo mafuta ya makonyo, ingawa ni machache, aghalabu huwa na eujenoli nyingi kuliko ya karafuu yenyewe, hata kufikia 90 katika 100 na zaidi. Hivyo kile kinachobaki jamvini baada ya kuchambua, ambacho mtu angeweza kukidhania kuwa ni taka, ni mali kamili. Kiwanda cha makonyo kilichoko Wawi, Chake Chake, ni ushahidi wa jambo hilo.

Sasa tutazame namna mafuta hayo yanavyopatikana. Makonyo hutiwa katika pipa kubwa na kupitishiwa mvuke. Mvuke hubeba mafuta, kisha hupitishwa katika mabomba yanayopozwa kwa maji baridi, ukageuka kuwa maji na mafuta. Mafuta ya nazi huelea juu ya maji, lakini ya karafuu, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, huzama chini na kukusanywa. Kwa ufupi, kila chupa ya mafuta ina gharama mbili, nazo ni moto na maji.

Hapo ndipo mto unapoingia katika hesabu. Jirani zetu wa Bukini, yaani Madagaska, wamekuwa wakipika mafuta ya majani ya mkarafuu kwa miaka mingi katika pwani yao ya mashariki. Mitambo midogo ya vijijini hupendelea kukaa karibu na vijito, ambako maji ya kupozea hupatikana bila ya taabu, na moto wake ni wa kuni. Matokeo yake yanajulikana: miti hukatwa kwa ajili ya kuni, na mkarafuu unaokatwa matawi mara kwa mara hupunguza kuzaa karafuu. Anayeyapima mafuta hayo katika maabara ataona eujenoli safi. Ukingo uliobaki mtupu hatauona.

Sisi tuna sababu ya kulitia hilo maanani. Mashamba ya mikarafuu yalichukua nafasi ya misitu katika karne ya 19, na Msitu wa Ngezi ni mabaki ya hali iliyokuwepo. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba mzigo wa zao hili, na mpaka leo bado imeubeba. Vilima vya Pemba vina mikarafuu, na chini yake mna mabonde ya mpunga. Mti wa ukingoni unapong'olewa ili kupata tuta la muhogo au mzigo wa kuni, mizizi iliyoshika udongo huondoka. Mvua ya masika huuteremsha udongo huo, mkondo ukajaa tope, na mpunga wa bondeni ukaharibika. Mchuma janga hula na wa kwao.

Kwa hivyo tunatoa rai tatu. Kwanza, kila sampuli ya mafuta inayopelekwa maabara ifuatane na maelezo ya shamba ilikotoka: ni kilimani au bondeni, ni kando ya mto au mbali nao, na ni sehemu gani ya mti. Wingi na sifa za mafuta hubadilika kwa sehemu ya mti, umri wake na hali ya mahali, na namba isiyo na mahali ni nusu ya elimu.

Pili, picha za anga zitumike. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar zilishiriki katika kazi ya kuvipiga picha Visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Picha hizo zikilinganishwa na za miaka mingine, kila sheha ataweza kuonyeshwa ukingo gani umepungua katika shehia yake.

Tatu, makonyo yatangulizwe mbele ya majani, na upana wa ukingo usioguswa ujulikane na kila mkulima. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60. Vijito vyetu ni vidogo na mashamba yetu ni membamba, basi kipimo kinachotufaa na kitafutwe pamoja na wakulima wenyewe, wala kisiteremshwe kutoka ofisini.

Wazee wetu wametufunza kuwa elimu isiyo na vitendo ni mti usio na matunda. Watafiti wasiishie kuandika ripoti. Waende bondeni wakamweleze mkulima walichokiona, nao wamsikilize, kwani yeye huuona mto huo kila siku.