Je, bia ya shamba hunoga ikikaa?

Mtu akipata chupa ya saison, bia ya kiasili ya mashamba ya Wallonia kusini mwa Ubelgiji, haichukui muda kabla hajaingiwa na tamaa ya kuificha. Ameshasikia kwamba divai hupanda hadhi kwa umri. Ameshasikia pia kwamba bia hii ilikuwa ikipikwa wakati wa baridi ili iwasubiri vibarua wa mavuno ya kiangazi. Basi huiweka chini ya ngazi, akaisahau miaka miwili, na siku ya kuifungua hukuta kinywaji kilichopoa, chenye ladha ya boksi lililolowa.

Kosa si la subira yake. Ni kwamba bia iliyosubiri zamani haikuwa hii ya leo. Ile ilikaa katika mapipa ya mbao, na mbao zile zilikuwa maskani ya hamira mwitu na bakteria wa asidi ya laktiki, walioendelea kuifanyia kazi mwezi baada ya mwezi. Ya leo hutoka katika matangi ya chuma yanayosafishwa kama vyombo vya hospitali. Hata ndugu yake wa kaskazini mwa Ufaransa, bière de garde, hukaa wiki kadhaa kwenye baridi kiwandani kabla ya kuuzwa; kazi ya kusubiri imeshafanywa na mpishi mwenyewe.

Chukua Saison Dupont, inayopikwa kijijini Tourpes katika kiwanda kilichoanzia shambani mwaka 1844. Ina kilevi cha asilimia 6.5, na hamira yake ni mlafi. Hamira kadhaa za saison hubeba jeni iitwayo STA1, inayotengeneza kimeng'enya cha kukatakata dekstrini, ile minyororo mirefu ya sukari ambayo hamira ya kawaida huiacha. Matokeo yake ni bia kavu, yenye gesi nyingi, inayonukia pilipili manga, karafuu na hopsi. Raha yake yote imo katika harufu hizo nyepesi, nazo ndizo za kwanza kuondoka.

Ile ladha ya boksi ina jina: trans-2-nonenali. Pua ya binadamu huitambua ikiwa mikrogramu 0.1 tu kwa lita, yaani sehemu moja katika bilioni kumi. Watu hudhani huzaliwa chupani, oksijeni ikipenya kwenye kizibo. Kumbe sehemu kubwa huundwa mapema, mafuta ya kimea yanapoungua kwa oksijeni wakati wa kupika, kisha hujishikiza kwenye protini na asidi amino isiweze kunuswa. Chupa inapokaa, vifungo hulegea na molekuli hutoka moja moja. Kwa hiyo bia inaweza kutoka kiwandani ikinukia vizuri kabisa huku uzee wake umeshafungashwa ndani.

Mwanga nao ni adui. Kwa miaka mingi Dupont imeuzwa katika chupa za kijani, na kioo cha kijani hakizuii vizuri miale ya buluu. Miale hiyo huvunja vichungu vya hopsi na kuzaa kiwanja cha salfa kinachonuka kama kicheche aliyechokozwa. Juani, dakika chache zinatosha.

Sasa tuje kwa hamira inayobadili hesabu yote: Brettanomyces. Mwaka 1904, Niels Hjelte Claussen wa kiwanda cha Carlsberg, Copenhagen, alieleza kwamba ndiyo iliyokuwa ikizipa bia za Uingereza zilizokaa muda mrefu ladha yake ya pekee. Hufanya kazi polepole, na haichoki wakati hamira nyingine zimeshalala. Hunyonya oksijeni iliyosalia. Huvunja esta zinazonukia ndizi na kuunda nyingine zinazonukia nanasi. Fenoli iliyokuwa ikitoa harufu ya karafuu huigeuza kuwa 4-ethiliguayakoli, yenye moshi kidogo, na fenoli jirani yake kuwa 4-ethilifenoli, harufu ya zizi la farasi. Ndiyo, zizi, na wapo wanaoilipia pesa nzuri!

Mfano ulio wazi kuliko yote haumo hata katika kundi la saison: ni Orval, bia ya watawa wa kusini mwa Ubelgiji, inayotiwa Brettanomyces wakati wa kujazwa chupani. Ikiwa changa, hopsi hutawala. Baada ya miezi sita uchungu hushuka, zizi hupanda, na bia hukauka zaidi. Baadhi ya mikahawa ya Ubelgiji hukuuliza unataka changa au kongwe. Mimi hupenda ya kati, ambayo bado inanukia hopsi.

Saison zenye hamira hiyo zipo, nazo ndizo za kuwekwa. Tahadhari iko kwenye gesi. Gramu 4 za sukari zikiliwa katika lita moja huongeza ujazo mzima wa kaboni dioksidi, na bia ya kawaida ina ujazo wa kama 2.5 tu. Mpishi akifunga chupa kabla hamira haijashiba, chupa inaweza kupasuka rafuni.

Bia nyingine za shamba hazijawahi kutaka kusubiri. Sahti ya Finland, ambayo kwa desturi haichemshwi, huharibika upesi isipokaa kwenye baridi, na mnywaji wa mbege kule Kilimanjaro anajua kwamba ya juzi ni kali mno.

Ukiamua kuweka, chagua iliyoandikwa Brettanomyces, isimamishe wima gizani ili machicha yatulie, na uangalie joto kabla ya kuangalia kalenda. Mabadiliko mengi ya kikemia huenda kasi mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Kwa hiyo mwezi mmoja katika chumba cha nyuzi 30 Dar es Salaam unaweza kuizeesha bia sawa na miezi minne hadi tisa katika ghala la nyuzi 10 Tourpes; weka kwenye friji, au inywe wiki hii.