Kabati la Kando ya Kitanda: Kagua Viungo Kabla ya Kulipa

Kabati lililopigiliwa misumari pekee hulegea upesi, hasa likiwa la mbao mbichi, kwani mbao husinyaa zikikauka. Kiungo cha ulimi na tundu, kinachochongwa kwa mkono, hudumu zaidi.

Fundi huanza na mbao zilizokauka vizuri. Ulimi huwa theluthi moja ya unene wa ubao: ubao wa milimita 24, ulimi wa milimita 8. Tundu huchongwa kwanza kwa patasi, kisha ulimi hukatwa kwa msumeno na kupunguzwa kidogo kidogo hadi uingie kwa kugongwa polepole. Ukilazimishwa, mguu hupasuka.

Mwananchi, kabla ya kulipa, tikisa kabati na uvute droo. Likiyumba kwa fundi, nyumbani halitatulia.