Stesheni Ikilala Haijafa



Vikundi vyetu vingine viko karibu na stesheni ya zamani. Nyasi imefunika reli, dirisha la tiketi limefungwa, na watu wanaulizana, "Hapa hapana mwenyewe, mbona tusilime?" Kabla ya kushika jembe, tuangalie yaliyotokea njia ya Naro Moru, chini ya Mlima Kenya.

Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913 na Naro Moru mwaka 1927, kisha ikaendelea hadi Nanyuki. Ilijengwa hasa kubeba mazao ya mashamba ya walowezi. Mbona stesheni zilikuwa nyingi? Kwanza, injini za mvuke zilihitaji maji kila baada ya mwendo fulani. Pili, njia ni moja tu: treni mbili zikikutana, lazima moja ingoje kando. Kwa hivyo pakawa na wafanyakazi, nyumba zao na watu wa kuwauzia chakula.

Injini za dizeli zilipokuja, yale maji hayakuhitajika tena. Halafu barabara ya lami ikafika, na lori likawa linachukua mzigo mpaka dukani. Treni zikapungua, mwishowe zikakoma. Miaka ikapita. Watu wakajenga vibanda na kulima mpaka ukingoni mwa reli.

Mwaka 2020 serikali ikaifufua njia hiyo hadi Nanyuki. Waliokuwa kwenye ardhi ya reli wakaambiwa waondoke, na vibanda vikabomolewa.

Tunajifunza nini? Ardhi ya stesheni ni mali ya umma, chini ya Shirika la Reli. Kukaa hapo hata miaka ishirini hakukupi hati, na ruhusa ya mdomo si ruhusa. Kikundi kikitaka kutumia ghala au kiwanja, kiandikie Shirika barua, kiombe kukodisha. Mkataba uonyeshe mipaka, kodi na muda, na katibu atunze nakala. Hata mkiupata, jengeni kitu cha kung'olewa na kuhamishwa, si cha mawe na saruji.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Stesheni ya kwetu inatumiwa na nani sasa?
2. Tuna karatasi gani mkononi?
3. Treni ikirudi mwezi ujao, tutapoteza nini?