Herufi Katika Hesabu za Mtoto Wako

Jioni imeingia. Chakula kimekwisha kuliwa, taa imewekwa mezani, na mtoto wako wa kidato cha kwanza amefungua daftari lake la hesabu. Wewe unapita nyuma yake na kuchungulia. Ulitazamia kuona namba za kujumlisha na kutoa, kama zile ulizofundishwa wewe zamani. Badala yake waona herufi: x hapa, y pale, na mistari inayopanda na kushuka kama njia za mlimani.

Unauliza, "Hizi nazo ni hesabu gani, mwanangu?" Mtoto ajibu, "Ni aljebra, baba." Nawe, kwa kuwa umechoka na kazi ya shamba, wasema, "Herufi ni za kusoma, si za kuhesabu. Hiyo ni kazi bure. Nenda ukalale, kesho tuna palizi."

Ngoja kidogo, baba. Ngoja kidogo, mama. Neno hilo moja laweza kufunga mlango ambao mwalimu amekuwa akiusukuma mwaka mzima. Mtoto akisikia kwa mzazi wake kwamba hesabu hizi hazina maana, kesho darasani hatajitahidi tena. Mwisho wake atasema, "Hesabu si za ukoo wetu." Basi leo tukae pamoja tuzitazame. Hazitaki elimu kubwa. Wewe mwenyewe umezitumia mara nyingi bila kujua jina lake.

NI KITENDAWILI TU

Watoto wetu wakikaa jikoni hutegeana vitendawili. Mmoja asema, "Kitendawili!" Wenzake huitika, "Tega!" Hapo hutajiwa dalili za kitu, lakini kitu chenyewe kimefichwa. Kazi yao ni kukifichua kwa kuzifuata dalili zile.

Aljebra ndiyo hiyo hiyo. Kitu kilichofichwa ni namba. Kwa kuwa hatujaijua bado, twaipa jina la muda, nalo ni x. Haya, tega: magunia matatu ya mahindi yenye uzito ulio sawa, pamoja na mfuko wa maharage wa kilo 20, vyote vimepimwa kwa pamoja, uzito wake ukawa kilo 320. Gunia moja lina kilo ngapi?

Mtoto huandika hivi: 3x + 20 = 320. Mwalimu amemfundisha afikirie mizani ya sahani mbili zilizolingana. Ukitoa kitu upande mmoja, toa kiasi kile kile upande wa pili, ama sivyo mizani italala. Basi atoa 20 huku na huku; yabaki 3x = 300. Agawa kwa 3 pande zote mbili. X ni 100. Gunia moja lina kilo 100. Kitendawili kimeteguliwa. Shuleni mambo haya huitwa mlinganyo, kwa sababu pande mbili zalingana.

Alama ile ya mistari miwili, =, ilianzishwa na Robert Recorde, tabibu wa nchi ya Wales, katika kitabu alichokitoa mwaka 1557. Alichoka kuandika neno "sawa na" kila mara, akachagua mistari miwili yenye urefu mmoja, maana aliona hakuna vitu vinavyolingana kuliko hivyo. Jina la aljebra lenyewe ni la kale zaidi. Latoka katika neno la Kiarabu al-jabr, maana yake kurudishia kilichopungua au kuunga kilichovunjika. Limo katika jina la kitabu cha Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyekiandika Baghdad yapata mwaka 820. Alikiandika kwa ajili ya watu waliotaka kugawana urithi bila ugomvi, kufanya biashara, kupima mashamba na kuchimba mifereji. Waona basi: hesabu hizi zilitungwa kwa ajili ya watu wenye kazi na mali za kugawana, watu kama wewe.

MALORI MAWILI NA MISTARI MIWILI

Sasa tuitazame ile mistari inayopanda. Tuseme umevuna, nawe wataka kupeleka mahindi mjini. Wenye malori wawili wamekuja. Wa kwanza ataka shilingi 30,000 za safari, tena shilingi 1,000 kwa kila gunia. Wa pili hataki fedha za safari, ila ataka shilingi 2,500 kwa kila gunia. Utamchukua nani?

Wengi wetu hukimbilia kusema, "Huyu wa pili, maana haombi fedha za mwanzo." Wengine husema, "Huyu wa kwanza, maana 1,000 ni kidogo kuliko 2,500." Wote wamesema haraka. Mtoto wako hachukui upande. Aandika gharama ya kwanza: 30,000 + 1,000x. Aandika ya pili: 2,500x. Kisha auliza, "Zitalingana wapi?" Akifanya kazi yake apata x = 20. Kwa magunia 20 malori yote mawili yatakutoza shilingi 50,000. Ukiwa na magunia 12, wa kwanza atakutoza 42,000 na wa pili 30,000. Basi mchukue wa pili. Ukiwa na magunia 30, wa kwanza atakutoza 60,000 na wa pili 75,000. Basi mchukue wa kwanza.

Akiyachora haya katika karatasi ya miraba, apata mistari miwili inayokatana kwenye magunia 20. Mstari wa lori la pili wapanda kwa ukali zaidi, kwa sababu kila gunia linaongeza fedha nyingi. Ukali huo wa kupanda huitwa mteremko. Ndiyo ile "njia ya mlimani" uliyoiona daftarini.

MALI BILA DAFTARI

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Fundisho hilo ndilo mlango wa takwimu. Katika takwimu mtoto hufundishwa kukusanya habari kwa namba, kuziandika katika jedwali, kuzichora ili jicho lizione mara moja, na mwisho kutamka habari hizo zasema nini. Hapa ndipo mzazi apaswa kuwa macho, maana namba zaweza kuwa za kweli nazo zikatupoteza.

Tuseme mwuza mbegu amefika kijijini. Asema, "Wakulima watano waliopanda mbegu yangu walipata wastani wa magunia 12 kwa eka." Si mwongo. Wa kwanza alipata magunia 6, wa pili 7, wa tatu 7, wa nne 8, na wa tano 32. Jumla ni 60; ukigawa kwa 5 wapata 12. Lakini tazama vizuri. Wakulima wanne kati ya watano hawakuvuka magunia 8. Yule mmoja wa 32 alikuwa na maji ya kumwagilia na mbolea ya kutosha. Ndiye aliyewavuta wenzake wote juu.

Kwa hiyo mwalimu hamwachii mwanafunzi wastani peke yake. Humfundisha pia kuzipanga namba kutoka ndogo hadi kubwa na kuitafuta ile iliyo katikati. Hapa ni 7. Humfundisha kuitazama namba inayotokea mara nyingi. Hapa pia ni 7. Tena humfundisha kupima umbali kati ya ndogo na kubwa: 32 toa 6 ni 26. Umbali ukiwa mkubwa hivi, mtu mwenye busara huuliza, "Kuna nini hapa?" Baba aliye na mtoto wa kumwuliza swali hilo hatakopa fedha ya mbegu kwa kutegemea magunia 12.

Hata hesabu za taifa zataka kusomwa hivyo. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wastani wa watu katika kaya moja ulikuwa 4.3. Nenda kijiji chote, hutaiona nyumba yenye watu wanne na vipande vitatu vya mtu! Wastani ni namba ya kutusaidia kupanga shule, visima na dawa; si picha ya nyumba yako. Nyumba moja ina bibi mmoja, na nyingine ina watoto tisa.

MTAWA NA NJEGERE ZAKE

Labda utasema, "Nimeelewa, lakini herufi ni herufi na takwimu ni takwimu. Vina uhusiano gani?" Nitakujibu kwa habari ya mtu mmoja, mtoto wa mkulima kama mtoto wako.

Gregor Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji ambacho siku hizi kimo katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mwaka 1843 aliingia utawa wa Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno. Mwaka 1850 alifanya mtihani wa ualimu, akashindwa. Wakuu wake hawakumwambia, "Basi, shika jembe." Walimpeleka Vienna akasome zaidi, na huko alijifunza hesabu pamoja na elimu ya viumbe.

Aliporudi, tangu mwaka 1856 alipanda njegere katika bustani ya monasteri. Alichanganya njegere zenye punje laini za mviringo na njegere zenye punje zilizokunjamana. Wazao wa kwanza walitoka laini wote. Mtu mwingine angesema, "Makunyanzi yamekwisha." Mendel alizipanda tena, akangoja. Miche 253 ilimpa punje 7,324. Akazihesabu moja moja: laini 5,474, zilizokunjamana 1,850. Makunyanzi yalikuwa yamerudi! Tena hayakurudi ovyo. Kwa kila punje moja iliyokunjamana zilikuwapo karibu tatu zilizo laini.

Hapo alichukua herufi. Ulaini aliuita A, makunyanzi aliyaita a. Kila mmea wa uzao wa kwanza ulibeba A kutoka kwa mzazi mmoja na a kutoka kwa mwingine, lakini A iliifunika a. Mimea hiyo ikizaana, kuna njia nne za kukutana: A na A, A na a, a na A, a na a. Katika hizo nne, ni ile ya mwisho tu isiyo na A ya kuifunika. Kwa hiyo makunyanzi hutokea mara moja katika nne. Kuhesabu kulimwonyesha kwamba lipo jambo; herufi zilimwonyesha ni jambo gani.

Nawe mkulima wamjua Mendel hata kama hukusikia jina lake. Ukinunua mbegu chotara ya mahindi, mwaka wa kwanza shamba hupendeza. Ukiweka punje zake na kuzipanda mwaka wa pili, mahindi hutoka mchanganyiko, mengine marefu, mengine mafupi, na mavuno hupungua. Sababu yake kubwa ni hiyo hiyo: yaliyofichwa yamejitokeza. Mendel alichapa kazi yake mwaka 1866, na watu wachache waliijali. Alifariki mwaka 1884. Ni mwaka 1900 ndipo wataalamu walipoitambua thamani yake.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, usiseme tena "kazi bure." Sema, "Nieleze." Katika shule nyingi za sekondari za Tanzania hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi kinachomshinda mtoto ni maneno kuliko hesabu yenyewe. Akikueleza wewe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, atajua mwenyewe mahali alipoelewa na mahali alipokwama. Huhitaji kulijua jibu. Yatosha kuuliza, "Kwa nini umetoa 20 pande zote mbili?"

Pili, mpe kazi ya kweli. Mwambie aandike mayai ya kuku wenu kila siku kwa mwezi mmoja, au siku za mvua, au fedha ya chumvi, sabuni na mafuta. Mwisho wa mwezi atafute wastani, na namba ya katikati, aisomee familia nzima. Huenda utaona mahali fedha zako zinapovujia.

Tatu, mkumbuke binti. Katika nyumba nyingi kijana huachwa na daftari lake, na msichana hutumwa maji, kuni, na kumbeba mdogo wake, mpaka taa inazimwa. Kisha twasema, "Wasichana hawawezi hesabu." Hapo twahesabu vibaya sisi wenyewe. Gawa kazi sawa, kisha upime.

Tena usimvunje moyo akipata alama ndogo. Mendel alishindwa mtihani, na njegere zake hazikumwuliza cheti.

Basi, msomaji wangu, kesho jioni taa ikiwashwa, vuta kiti, keti karibu na mwanao, umwulize swali moja tu: "Leo x ilikuwa nini?"