Mimba Zinazotoka Mwezi wa Tano: Je, Shingo ya Kizazi Imepimwa?

Akina mama wengi wa Maruku wanaijua habari hii, ingawa haisemwi kwa sauti. Mimba imefika mwezi wa tano, mtoto anacheza tumboni, nguo ndogo zimeanza kutafutwa. Siku moja mama anahisi uzito chini ya kitovu, mgongo unauma kidogo, maji maji yanatoka. Kabla hajafika zahanati mtoto ameshazaliwa, naye ni mchanga mno kuweza kuishi. Uchungu wenyewe haukuwa mkali. Mimba inayofuata, yale yale. Ndipo maneno huanza kibanjani: amerogwa, alibeba mkungu mzito, ni laana ya ukoo. Mume ananyamaza, na mama anabaki na kaburi dogo kando ya migomba.

Msomaji mpendwa, kama hayo yamekupata, makala haya ni yako na ya mwenzio. Si kila mimba inayotoka ina sababu hii. Inayotoka katika miezi mitatu ya kwanza mara nyingi ina chanzo kingine, na malaria au ugonjwa wa njia ya mkojo unaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Lakini mimba inayotoka kati ya mwezi wa nne na wa sita bila uchungu mkali, hasa ikirudia, inataka shingo ya kizazi iangaliwe.

Kibuyu kilichopinduliwa

Kizazi kimekaa kama kibuyu kilichopinduliwa mdomo chini, na shingo ya kibuyu ndiyo inayomzuia mtoto asitoke. Katikati ya mimba shingo hiyo huwa na urefu wa milimita 35 hadi 40 hivi. Siku za kujifungua zikikaribia hufupika, hulainika na kufunguka. Kwa baadhi ya akina mama hayo huanza mapema mno, kimya kimya. Hospitalini husema mlango wa kizazi umelegea. Binafsi silipendi jina hilo, maana mama akilisikia hudhani kuwa yeye ndiye mlegevu. Huenda shingo iliumia katika uzazi uliopita, au ilifanyiwa upasuaji, au amezaliwa hivyo. Mara nyingi sababu haipatikani kabisa.

Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwapima wajawazito 2,915 walipofika wiki ya 24 hivi. Waliona kwamba kadiri shingo ilivyokuwa fupi, ndivyo hatari ya kuzaa mtoto njiti ilivyozidi. Tangu hapo kipimo hiki kimekuwa cha kawaida katika hospitali nyingi za dunia. Mama aliyewahi kupoteza mimba kwa namna hiyo hupimwa kuanzia wiki ya 16 hadi ya 24, kila baada ya wiki mbili, na kila wiki kama shingo imeanza kufupika. Ikiwa chini ya milimita 25 kabla ya wiki ya 24, ni fupi. Mama mwenye cherehani ataelewa upesi: ni inchi moja ya utepe wake.

Kipimo chenyewe ni ultrasaundi ya ndani. Mama hukojoa kwanza, kisha kifaa chembamba kilichovalishwa mpira safi huingizwa ukeni kwa dakika chache. Wengi huona haya, na wengine huogopa kwamba kitatoa mimba. Hakitoi. Unaweza kuomba muuguzi wa kike awepo. Ultrasaundi ya juu ya tumbo, ile tuliyoizoea, humwonyesha mtoto vizuri lakini inaweza kudanganya kuhusu shingo, hasa kibofu kikiwa kimejaa.

Uzi na dawa

Ikionekana fupi kuna la kufanya. Daktari anaweza kutoa projesteroni, dawa inayowekwa ukeni kila usiku. Au anaweza kuishona shingo kwa uzi imara, kama mtu anavyofunga mdomo wa gunia la kahawa. Njia mbili zinazojulikana zaidi zilianza kuelezwa na Shirodkar wa Bombay, India, mwaka 1955, na McDonald wa Melbourne, Australia, mwaka 1957. Mama aliyepoteza mimba tatu au zaidi kwa namna hii anaweza kushonwa mapema, wiki ya 12 hadi 14, bila kungoja shingo ifupike. Kwa mimba ya mapacha shauri ni tofauti, na daktari ndiye ataamua.

Na ule ushauri wa kulala kitandani miezi mitano? Uchunguzi haujaonyesha kwamba unaokoa mimba, nao unaweza kuleta damu kuganda miguuni. Kupunguziwa ndoo na mikungu ni jambo jema, lakini kulazwa chali si tiba.

Uzi huo lazima utolewe, kwa kawaida wiki ya 36 au 37. Uchungu ukianza, damu ikitoka au maji yakivunjika kabla ya hapo, ondoka usiku huo huo, na neno lako la kwanza kwa mkunga liwe: "Nimeshonwa." Uchungu ukisukuma huku uzi upo, shingo inaweza kuchanika vibaya. Mama mkwe naye aambiwe mapema, asije akamwita jirani wa kuzalisha nyumbani.

Kutoka Maruku

Zahanati ya karibu huenda haina mashine hiyo. Anza kliniki kabla ya mwezi wa tatu kwisha, mweleze muuguzi kila mimba iliyotoka na mwezi wake, halafu uombe barua ya rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Bukoba mjini. Walio upande wa Muleba wana Rubya, Ndolage na Kagondo. Uliza kwanza kama wanapima kwa njia ya ndani na kama yupo wa kushona. Isipowezekana, rufaa huenda Chato au Bugando, Mwanza. Hiyo ni nauli ya mara kadhaa. Baba wa nyumba, fedha ya kahawa ya msimu huu ina kazi kabla ya mabati.


Bado wako watakaojifungua mapema hata baada ya haya yote. Kwa hao hospitali ina sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa, na akizaliwa hufungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Baba naye anaweza kumbeba hivyo, mama akienda kuoga.