Mandazi ya sikukuu, bila sashe

Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani, inayoadhimishwa tangu 2001. Safari hii tuwapambie watoto mandazi!

Kwa kilo 1 ya unga wa ngano tia hamira vijiko 2 vya chai, sukari nusu glasi, chumvi kidogo na maji ya vuguvugu. Kanda mpaka unga uache kushika mkono. Huku juu Nyarushishi baridi inachelewesha hamira kuliko bondeni Bugarama, basi weka bakuli karibu na mbabula, saa moja au zaidi.

Tupia kipande cha unga ndani ya mafuta. Kikipanda na mapovu, anza kukaanga. Watoto wakae mbali! Mafuta yakishika moto, usimwagie maji kamwe: funika sufuria, zima mbabula.

Kwa pambo, twanga sukari iwe laini, changanya na matone ya ndimu. Maji ya bitiruti yanaleta rangi nzuri kabisa. Kule Bukavu wengi walizoea kukata pembe ya sashe na kuandika nayo jina la mtoto. Rwanda ilikataza sashe tangu 2008, kwa hiyo kunja karatasi safi kama koni. Ngoja andazi lipoe, la sivyo jina linayeyuka.

Jina refu? Andika kwenye mandazi mawili, hakuna mtoto atakayelalamika.